Dakika Saba

Jina langu Ilka. Kazi yangu ni kujua watu.
Si kuwapenda, si kuwakumbuka: kuwajua,
dakika saba kila mmoja, kwa niaba ya mabenki
ambayo sijawahi kukanyaga sakafu zake.
Ghorofa ya tatu, Görlitz. Dirisha latazama Mto Neisse,
na ng'ambo, Poland, duka la sigara lisilofungwa.

Asiyekujua hakuthamini, walinena.
Mimi nakujua, na bado sina cha kukuthamini nacho
ila kitufe cha kijani na kitufe chekundu.

"Inua kadi. Ilaze kushoto. Kulia. Asante."
Tai wa serikali anawaka kijani,
kisha zambarau, kisha anarudi kuwa plastiki.
"Sasa pitisha kiganja mbele ya uso, taratibu,"
maana siku hizi zipo nyuso zilizopikwa na kompyuta,
na uso wa kupikwa humeguka mkono ukipita.
Usiku mmoja niliona pua ya mtu ikielea juu ya vidole vyake.
Nilicheka mpaka Torsten, msimamizi, akaja kunichungulia.

Saa nne kasorobo akatokea Roswitha Pietsch,
miaka sabini na sita, mkazi wa Zittau,
nywele kazichana kama wa kwenda kanisani.
Nyuma yake, jikoni, birika jekoni.
"Vua miwani." Akavua; macho yakabaki madogo, uchi.
Mashine ikapima: jicho hadi jicho,
pembe ya taya, kovu la kwenye nyusi.
Asilimia tisini na saba. Ndiye.
Namba ya kadi akaisoma tarakimu moja moja
kama anayehesabu mayai.
Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nilipoona.

Mikono yake yote miwili ilishika kadi,
gumba huku, gumba huku,
na picha ilikuwa inapumua.
Yapanda kidogo. Yashuka kidogo.
Simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari haipumui.

Nani kaishika?

Swali limo katika orodha, namba kumi na moja,
nasi tumefunzwa kuliuliza kwa sauti ya kuulizia hali ya hewa:
"Bi Pietsch, kuna mtu aliyekuambia ufungue akaunti hii?"
Akatazama juu. Si kwangu, mimi nilikuwa ndani ya kioo.
Juu, kimo cha kichwa cha mtu mrefu.
"Hapana. Mimi mwenyewe tu. Ni ya akiba."
Uso umeumbwa na haya; wake ukafurika haya
tangu kidevuni hadi zinapoanzia nywele,
na mashine, ikiupima uso uleule,
ikapandisha hesabu: tisini na nane.

Hivyo ndivyo nilivyomkataa mtu aliyekuwa yeye hasa.
Chekundu. Kisha sababu, lazima uchague sababu.
"Picha hafifu" ndiyo iliyokuwa karibu na kidole.
Nikateremka hadi "Nyinginezo", nikaandika:
hayuko peke yake.

Polisi wa Zittau waliniuliza mtaa. Niliusoma kwenye kadi.
Wakasema watatuma mtu.
Torsten akasema dakika tisa, Ilka, tisa.
Kwenye foleni alikuwepo kijana mwenye shati lisilopigwa pasi,
anataka mkopo wa baiskeli ya umeme. Nikamjua.

Rekodi huhifadhiwa, hiyo ndiyo kanuni ya nyumba yetu.
Sikupaswa kuifungua tena. Niliifungua.
Mwishoni kabisa, baada ya kitufe, kabla ya giza,
zimo sekunde kumi na moja.
Yeye anatafuta miwani kwa kupapasa.
Picha haipumui tena, imeshikwa kwa nguvu.
Nyuma yao birika linapiga mluzi, linapiga,
wala hakuna anayekwenda kuliepua.